Sabuni ya Ukuta wa Mlimani

Kofi la kwanza nililompiga wifi yangu lilikuwa kwa ajili ya chungu kilichovunjika. Kilikuwa chungu changu cha udongo, mdomo umepasuka, nami nilikuwa nakitumia kulowekea mchaichai ninapopika sabuni. Nilirudi kutoka sokoni nikakikuta kwenye shimo la takataka, vipande vitatu. Nilipouliza ni nani, alitoka jikoni akifuta mikono.

“Yaya, kintu ya kuvunjika haifai kukaa mu nyumba,” alisema. “Inafunga njia ya baraka.”

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Nilimpiga kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo: mkono hutangulia, akili inafuata nyuma ikihema. Hata ndoa yangu ilivunjika hivyo. Mume alizoea kupiga, akakuta ameoa mtu anayerudisha. Nikarudi Uvira kwa mama yangu na sufuria mbili na ufundi wa sabuni, na ni katika nyumba hiyo hiyo ya mama ambamo mdogo wangu wa kiume alimleta huyu mke wake.

Wifi yangu ni mzaliwa wa Nyakabere, kule kwenye uwanda wa Ruzizi. Kwao ni wakulima, naye alijua kusuka mkeka wa matete kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini miaka kadhaa ya usichana wake aliishi ng’ambo, Bujumbura, akifanya kazi za ndani kwa mama mmoja Mchina, na huko ndiko alikojifunza mambo ya kupanga nyumba. Yana jina lake, feng shui. Nilimwambia hilo si jina, ni chafya. Akacheka, akasema maana yake ni upepo na maji. Nikamjibu kwamba upepo na maji tunavyo vya kutosha hapa Uvira, na nyumba vilizokwisha kubomoa hatujamaliza kuzijenga.

Masharti yake niliyajua kwa moyo hata bila kutaka. Mlangoni pasirundikwe kitu, ili heri isijikwae ikiingia. Ufagio usionekane na mgeni. Kioo kisitazamane na kitanda. Kichwa cha kitanda kiegemee ukuta mzito, na anayelala aone mlango, lakini miguu yake isiuelekee kama maiti anayetolewa. Na chini ya kitanda pawe patupu, pembeni pawe patupu, hewa ipite. Hilo la hewa alilisema mara kumi kwa siku.

Siku aliyoletwa kwetu alisimama uani, akageuka mara mbili, akautazama mlima, akalitazama ziwa, akapiga makofi.

“Hii nyumba iko muzuri kabisa! Mulima mugongoni, maji mbele. Mama yangu wa Bujumbura alinifundisha asema hii njo nyumba ya amani.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Uvira nzima imekaa hivyo, imebanwa kati ya mlima na ziwa, mgongo huko na uso huku. Kama hiyo ndiyo amani, basi sisi tungekuwa tumenona kwa amani. Mlimani ndiko mvua inakoshukia na mawe makubwa kuliko ng’ombe, ikipita na vitanda na watu. Mlimani ndiko wenye bunduki wanakokaa. Na ziwa nalo, miaka ile, lilipanda likaingia nyumba za majirani zetu wa chini, likakaa humo kama mwenye nyumba, na samaki wadogo wakaogelea jikoni. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza, kisha akauliza kama anaweza kuhamisha ndoo za mlangoni.

Sasa nimseme mama. Mama alikuwa amepooza miguu yote miwili, na nyonga yake iliwahi kuvunjika ikaunga vibaya. Kumwinua ilikuwa kama kumchoma kisu. Alikuwa anapiga kelele ambazo majirani walikuwa wanazisikia. Risasi zilipoanza, watu wote wa Uvira tunajua pa kwenda: sakafuni, kwenye ushoroba wa katikati ya nyumba, mashavu kwenye udongo. Mama hakuweza. Tulijaribu mara moja kumshusha, akazimia mikononi mwetu. Alipozinduka aliapa kwamba atakayemgusa tena wakati wa masasi atamlaani. Kwa hiyo siku za masasi sisi tulikuwa chini, na mama alikuwa peke yake juu ya kitanda, ubavu mmoja kwenye ukuta unaotazama mlima. Ukuta wenyewe ni wa matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa kwa jua. Risasi ya hapo juu huuingia na kutoka.

Ndiyo maana niliweka sabuni.

Napika sabuni ya mawese. Mafuta yanatoka upande wa mji wa Baraka, mekundu. Nayapika mpaka yapauke, nachanganya na sodi, ule unga mkali unaokula ngozi, namimina mchaichai au majani ya mwarobaini yaliyopondwa, nalaza kwenye visanduku vya mbao. Kesho yake nakata miche kwa waya. Halafu miche inatakiwa ikauke mwezi mzima na zaidi kivulini, la sivyo inayeyuka mkononi mwa mnunuzi naye anakurudia na matusi. Kila mtu anayepika sabuni ana taabu ya mahali pa kukaushia. Mimi niliikausha kati ya kitanda cha mama na ukuta wa mlimani, miche juu ya miche, unene wa mkono mzima kutoka kiwiko, kimo cha kupita kichwa cha mama anapolala. Niliwahi kuona kwa jirani risasi iliyopita ukutani ikafia ndani ya gunia la mahindi. Sabuni ni nzito kuliko mahindi. Nilipouza ya zamani niliweka mpya, na ukuta ule haukupungua hata siku moja kwa miaka miwili.

Wifi yangu aliuona siku ya kwanza, na nikamweleza kazi yake. Hakubisha. Lakini miezi ilipopita alianza kunifuata.

“Yaya, mama iko anakohoa. Sabuni mubichi inatoa harufu kali. Na ule ubavu hatuwezi kumugeuza, kidonda iko inakula.”

Alisema kweli. Mama alikuwa na kidonda cha kulala upande wa kushoto, chenye ukubwa wa kisahani cha chai, kwa sababu kitanda kilibanwa na sabuni na tulimgeuza upande mmoja tu. Nilikijua kile kidonda. Nilikiosha mimi, kabla huyu hajaja. Lakini mtu akikuonyesha kosa lako kwa sauti laini, ndani ya nyumba ya mama yako, unaona amekuvua nguo.

“Unataka nini?” nilimwuliza.

“Upunguze nusu. Ya kwenye kichwa tuache, ya kwenye miguu tutoe, kitanda igeuke kidogo. Aone mulango, aone ziwa. Hewa ipite.”

“Hewa!” nilipiga kelele. “Weye na hewa yako! Masasi ikikuya utamufunika na hewa?”

Mama alikuwa anasikia yote. Akaita kutoka kitandani:

“Nyinye bote mutaniua na makelele, masasi itakuta nilishakufa.”

Kisha akasema, na hilo ndilo lililonimaliza, kwamba angependa kuona ziwa.

Basi nilifanya nini? Sikupunguza nusu. Nilivua viatu, nikafunga kitenge kiunoni, nikatoa sabuni yote. Yote, mpaka mche wa mwisho. Wifi alinifuata akisema “Yaya, basi, hiyo inatosha,” nami nikamsukuma kwa bega akagonga mlango. Niliibeba karai kwa karai mpaka chumbani kwangu, nikaipanga kwenye ukuta wangu mimi, ambao nao unatazama mlima, nyuma ya godoro langu. Nilimaliza jua limeshajificha nyuma ya mlima. Nikasimama mlangoni kwa mama nikamwambia wifi yangu, “Ulitaka hewa. Chukua hewa yote.”

Aliyeipenda hewa ile ni mama. Siku zilizofuata niliona mambo niliyokuwa sijayaona muda mrefu. Kitanda kiligeuzwa, kichwa kwenye ukuta wa ndani, ule mnene, na mama akawa anatazama mlango na, kupitia mlango, kipande cha ziwa. Wifi alimsukia mkeka mpya wa matete, uliosukwa wazi wazi ili mgongo usitoe jasho. Alichemsha nta ya nyuki na mafuta ya mbegu za ngazi, yaani mchikichi, akapaka kidonda asubuhi na jioni, na kidonda kikaanza kujifunga pembeni. Alining’iniza mafungu ya mchaichai dirishani kufukuza mbu. Mama alianza kutania watu wanaopita barabarani. Nilikuwa uani nikisikia wanacheka wawili ndani, na niliona wivu. Niseme wazi: niliona wivu wa mtu mzima, kwa sababu ya mama yangu mwenyewe. Kila mara nilipofikiri kurudisha walau nusu ya sabuni, nilisikia kile kicheko, nikasema moyoni, waendelee na hewa yao.

Nani alipigana na nani mwaka ule sitaki kueleza. Majina yao hubadilika, masasi ni yale yale.

Siku yenyewe nilikuwa uani asubuhi, nakata sabuni kwa waya. Mdogo wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda Kavimvira kwenye kazi yake ya ujenzi. Mlio wa kwanza ulikuja kutoka juu, wa mbali. Sisi tunajua kupima: mlio mzito ni wa mbali, mlio mkavu ni wa karibu. Jirani alitoka, akasikiliza, akarudi kwenye kufua kwake. Mimi niliendelea kukata.

Wifi yangu alikuja akasimama mbele yangu.

“Yaya, tuirudishe sabuni ya mama.”

“Iko mbali,” nilisema.

“Itakuya. Tuirudishe wawili, itaenda haraka.”

Niliuvuta waya mpaka ukatoka upande wa pili wa sabuni. Niliona mikono yake imefungana mbele ya tumbo. Niliona anaomba. Na mimi, badala ya kusimama, nilijisikia vizuri. Mungu ananijua. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

“Hapana,” nilimwambia. “Weye ulitaka hewa. Wacha hewa ipite.”

Aliingia chumbani kwangu, akatoka na miche minane ndani ya kitenge chake, akapita mbele yangu, akaingia kwa mama. Akarudi. Akapita tena. Mzigo wa sabuni si mchezo. Ilikuwa inamvuta mbele akitembea. Kila alipopita nilikuwa nainamisha kichwa kwenye kisanduku changu. Milio ilikuwa inashuka mlimani, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta nyumba kwa kuuliza. Mama aliita kutoka ndani, sauti yake bila hofu, ile sauti ya kutuma mtoto maji:

“Weye mukubwa! Saidia mwenzako.”

Nilisikia. Nilijifanya sijasikia.

Halafu mlio mkavu ukapasuka pale pale juu ya nyumba zetu, na mwingine, na mwingine, na watu wakaanza kukimbia barabarani wakiita watoto. Niliacha waya ukaanguka. Miguu yangu haikuniuliza. Ilinipeleka chumbani kwangu, si kwa mama, chumbani kwangu, nikalala sakafuni nyuma ya sabuni yangu nikafunika kichwa. Ukuta wa matofali mabichi haupigi kelele ukipigwa. Unatoa tu vumbi. Nilikuwa nasikia vumbi linanimwagikia shingoni, na kitu kinagonga sabuni nyuma ya mgongo wangu, tup, na tena tup, na najua sasa kwamba hizo zilikuwa zangu.

Kisha nikasikia wifi yangu. Hakuwa analia. Alikuwa ananguruma.

Nilikwenda nikitambaa. Alikuwa amejilaza juu ya mama, kitenge chake amekikunja amekikandamiza chini ya shingo ya mama, kwa mikono yote miwili, kwa uzito wake wote, na damu ilikuwa inapita kati ya vidole vyake kana kwamba vidole havipo. Mkeka wa matete ulisukwa wazi ili hewa ipite. Damu ilipita humo humo, ikadondoka sakafuni, ikakusanyika chini ya kitanda ambako hapakuwa na kitu cha kuizuia. Mama alikuwa anatazama mlango. Alifungua kinywa mara mbili, likatoka povu jekundu. Nilimshika miguu. Kwa nini miguu, sijui. Miguu yake haikuwa inasikia kitu tangu miaka mingi. Nilishika miguu nikaita “Mama, mama,” na wifi yangu akanipigia kelele nilete nguo nyingine, na kabla sijafika kwenye kamba ya nguo, akaacha kupiga kelele.

Milio ilikaa saa moja zaidi. Tulikaa na mwili wa mama, sisi wawili chini ya madirisha. Ilipotulia niliinuka nikaangalia ukuta.

Alikuwa amefika mistari mitatu. Mtu mmoja, na kitenge kimoja, alikuwa amejenga mistari mitatu ya sabuni pembeni ya kitanda, imenyooka vizuri, urefu mzima wa mwili wa mama. Risasi ilikuwa imepita juu ya mstari wa tatu. Niliweka kiganja changu pale, kati ya sabuni na tundu. Kiliingia kimoja tu.

Chumbani kwangu nilichokoa miche kwa kisu. Nilizikuta risasi mbili, zimekaa ndani ya sabuni ya mchaichai, moja imepinda. Nilizifunga kwenye kona ya kitenge.

Tulimwosha mama kwa sabuni ile ile, wifi yangu na mimi na shangazi yetu, dada wa baba. Tukamzika kesho yake, haraka haraka, wanaume wakichimba huku wanatazama juu. Padri hakuweza kufika. Katekista ndiye aliyesali.

Siku ya tatu ya kilio uwanja wetu ulijaa. Watu walikaa kwenye mikeka, sombe, majani ya mihogo, inachemka, wanaume wamezunguka pombe yao ya kasiksi upande wao. Shangazi yetu ndiye aliyeanza. Ni mwanamke wa haki, lakini uchungu unatafuta pa kukaa.

“Minye naulizaka,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote. “Kulikuwa sabuni kwa ukuta wa mama. Miaka mbili ilimulinda. Nani aliitoa?”

Vichwa viligeuka kwa wifi yangu. Mtaa mzima uliwahi kumsikia wifi yangu na masharti yake. Mwanamke mmoja alisema, “Si ni ile mambo yake ya Wachina?” Mwingine akasema yeye mwenyewe alimsikia akitaka sabuni itoke. Mwingine akauliza kama mtu wa uwanda, ambako risasi hupita shambani hakuna mlima, anaweza kujua nini juu ya ukuta wa Uvira. Maneno yakawa yanajipanga yenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, zile risasi mbili zikiwa kwenye kona ya kitenge changu, zinanigonga goti. Nilijua jibu. Lilikuwa kinywani, na lilikuwa na ladha ya sodi.

Mdogo wangu aliinuka kwenye kasiksi. Alikuwa hajalala siku tatu, na siku ile sabuni ilipotolewa alikuwa kazini. Alishika ubao wa kisanduku changu cha sabuni uliokuwa umeegemea ukuta, ubao wa unene wa kidole gumba, na watu wakadhani anausogeza tu. Alimfikia mke wake akampiga mgongoni.

Hilo lilikuwa pigo la kwanza. Wifi yangu alianguka kwa magoti. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, jina langu, na jambo lingekwisha pale pale. Hakulisema. Ubao ukaja mara ya pili, begani. Wanawake walipiga ukelele lakini hakuna aliyesimama, kwa sababu kila mtu alikuwa na mama. Mara ya tatu alilenga kichwa, naye akainua mkono wa kulia kujikinga, nikasikia mfupa. Ni sauti ndogo. Ya nne ilimpata mkono ule ule.

Ndipo niliposimama. Mchi wa kutwangia sombe ulikuwa karibu. Nilimpiga nao mdogo wangu wa tumbo moja, begani, kwa nguvu zangu zote, akalala juu ya mkeka wa wageni. Nikamsimamia na mchi juu.

“Ni minye!” nilipiga kelele. “Munisikie bote! Minye njo niliitoa. Yeye aliniomba nusu, minye nikatoa yote, juu ya hasira. Na siku ile aliniomba turudishe, akaniomba mara mbili, nikakatala. Alibeba yeye peke yake. Minye nilikaa. Mama aliniita, nikakaa!”

Nilifungua kona ya kitenge nikazitupa zile risasi katikati ya uwanja. Nilitaka wanirukie. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, ningeshukuru. Lakini shangazi alikuja akanishika mabega, akanikalisha chini.

“Nyamaza, mutoto wangu,” alisema. “Uchungu iko inakusemesha.”

Hawakuniamini, au hawakutaka. Kosa lilikuwa limeshapata mtu wa kulibeba, mtu wa mbali, na kulihamisha ilikuwa kazi. Waliendelea kunipepea, wengine wakamsaidia mdogo wangu kuinuka. Wifi yangu alikuwa peke yake kwenye vumbi, ameshika mkono wake kama mtoto anayeshika ndege.

Siku ile ile nilimpandisha pikipiki tukaenda Lubarika, kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Nilikaa nyuma yake nimemshika ili asianguke. Barabara ilikuwa mbaya, na kila shimo nilisikia mwili wake unakaza. Nilimwomba msamaha njia nzima, sikioni, juu ya kelele za pikipiki. Nilisema yote tangu chungu. Tukaanza kuona mashamba ya mpunga. Halafu akasema bila kugeuka:

“Ungesema kabla anipige ya kwanza, yaya.”

Mdogo wangu aliondoka mwezi uliofuata, akaenda kusini kwenye machimbo ya dhahabu, na bega lake, wanasema, halijapona sawa. Hajarudi. Shangazi alitaka na wifi yangu arudishwe kwao Nyakabere. Nilimwambia shangazi kwamba siku huyu atakapotoka mlangoni, na mimi nitatoka, na nyumba atailinda nani. Hakupenda, lakini mchi aliuona ukiwa bado pembeni yangu.

Tunaishi wawili. Yeye ndiye anayepanga nyumba, nami sisemi neno. Ndoo zimetoka mlangoni. Ufagio wa njiti za ngazi unakaa nyuma ya mlango wa jikoni, hauonekani. Chungu kikipasuka, natupa mwenyewe. Vitanda vyetu vyote viwili vinaona mlango, na kila kimoja kina sabuni upande wa mlimani, nusu ya kichwani, kama alivyoomba. Nilimpima mwenyewe akiwa amelala nikaweka mstari mmoja zaidi.

Kazi ya kukata sabuni aliitaka yeye. Mkono wake wa kulia haujifungi. Vidole viwili vimebaki nje, na waya anauzungusha kwenye kifundo cha mkono. Unamteleza. Miche yake inatoka imepinda, upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba, na sokoni inakataa kusimama juu ya meza. Ningeweza kuinyoosha kwa kisu kabla ya kuuza. Siinyooshi. Wateja wa zamani wanaigeuza geuza, wanacheka, wananiuliza ni mkono wa nani siku hizi unaokata vibaya hivi.

Nawaambia ni mkono wangu.